Vifuniko Saba vya Hadina

Shemeji yangu Jinasoma anaunda mashua za kuvulia samaki, na anaogopa bahari. Siyo woga wa kusema leo mawimbi makubwa, nitakwenda kesho. Anaogopa mpaka akipita barabara ya pwani anatembea upande wa maduka. Fundi wa mashua anayeogopa maji ni kama mchinjaji anayezimia akiona damu, na hayo nimemwambia mara nyingi, mbele za watu, kwa sababu shemeji aliumbwa ili ataniwe.

Mimi naitwa Upasena. Shule niliacha darasa la tano na mwalimu akashukuru. Lakini kwa kuchanganya rezini, ile gundi ya maji ya kuundia mashua za faiba, kuanzia Dondra mpaka Tangalle, humpati wa kunifikia, na ukimpata ujue nilimfundisha mimi. Ndivyo nilivyokuwa nikisema. Haya ninayowaambia ni ya ile wiki niliyokaribia kumuua Jinasoma, na nitayasema yalivyokuwa, maana dada yangu Kusuma, mke wake, ameshalizungusha toleo lake kijiji kizima.

Jinasoma ni mtoto wa mvuvi. Mwaka ule wa mawimbi makubwa ya tsunami alikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, siku takatifu kwetu, hakuna aliyekwenda kuvua, yeye alikuwa juu ya mnazi anaangua. Kutoka kule juu aliona mashua ya baba yake ikivuka barabara, ikavuka kituo cha basi, ikaenda kukaa juu ya paa la shule. Baba yake alipatikana siku ya nne. Toka siku hiyo, maji yakimfika magotini, Jinasoma anakuwa na rangi ya majivu.

Baadaye wakaja watu wa misaada, wakagawa mashua za faiba kama peremende. Hata kinyozi alipata. Nyingine zilikuwa nzima, nyingine nyembamba kama biskuti. Binamu yake Jinasoma alipewa ya biskuti. Ilipasuka baharini, wakarudi wawili kati ya watatu. Kipande kimoja cha mashua kilichosukumwa ufukweni na maji, Jinasoma alikibeba hadi nyumbani, akakaa nacho kisimani, akakimenya tabaka kwa tabaka kama anamenya kitunguu. Ndani akakuta mkeka wa nyuzi za faiba ni mkavu, haukuonja rezini hata tone. Alikaa pale mpaka jua likazama. Aliponyanyuka alikuwa fundi. Hajafundishwa na mtu mwingine, amefundishwa na kile kipande.

Karakana yake, ambamo mimi ndiye msaidizi wake, ni uani, kati ya jiko na kisima, chini ya mabati. Nyumba nzima inanuka rezini. Wali unanuka rezini. Saruni zetu Kusuma anazifua peke yake, mbali na za watoto, maana vinywele vya faiba vinauma kama upupu. Tukienda arusini watu hawaulizi mafundi ni wepi, wanaangalia nani anajikuna.

Na kwetu kuna desturi moja: mashua mpya ikiingia majini mara ya kwanza, fundi wake anapanda. Anatoka nje ya mwamba unaokinga ufuo wetu, yeye na mwenye mashua, anarudi naye. Kama umeiharibu, uzame nayo. Jinasoma alishaunda kumi na saba, akapanda zote kumi na saba. Sasa ilikuwa zamu ya ile ya kumi na nane, ya Amaradasa, jirani yetu.

Amaradasa si mtu wa shida. Shida ni mama yake, Podinona, bibi mfupi kuliko ndoo ya kisimani lakini sauti yake inafika Matara. Alikwenda kwa mnajimu kuulizia saa njema, maana kwetu hata friji mpya haichomekwi bila kuulizia saa. Akarudi na karatasi: Alhamisi, saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, kichwa cha mashua kitazame mashariki. Ikikosekana hiyo, saa nyingine njema ni baada ya siku ishirini na tatu.

Basi Jumamosi ikanyesha. Jumapili ikanyesha. Jumatatu ndiyo usiseme. Faiba na unyevu hawapatani. Jumanne asubuhi mvua ilikata lakini hewa ilikuwa ya baridi, na zilibaki tabaka mbili za ndani, sehemu ya chini kule nyuma. Hiyo sehemu ndiyo inabeba mashine, na ndiyo inayopiga maji mashua ikishuka kutoka kwenye wimbi. Ilikuwa lazima Jinasoma aende Matara kuchukua mbao za viti, kwa hiyo kuchanganya rezini na hadina, dawa ya kuigandisha tunayoipima kwa kifuniko cha chupa yake, kukabaki kwangu.

"Upa," akaniambia akiwa tayari kwenye baiskeli, "hadina vifuniko vinne kwa ndoo. Vinne. Ikichelewa kukauka, iache ichelewe. Usiongeze."

"Shemeji, unanifundisha mimi kuchanganya? Nenda kafundishe samaki kuogelea."

"Samaki hawanitii hasara. Vinne."

"Na saa ya Mama Podinona je?"

"Tukiikosa nitagombezwa na bibi mmoja. Hilo naliweza."

Akaenda. Nikachanganya ndoo ya kwanza, vifuniko vinne, nikalaza mkeka, nikapitisha rola. Vizuri kabisa. Nikangoja. Nusu saa, rezini bado maji kama chai. Saa nzima, bado. Mimi nikaanza kupiga hesabu kichwani: rangi ipakwe Jumatano, ikauke, mashua isukumwe Alhamisi. Nikajiona nimekaa pale nalinda rezini kama kuku anayelalia mawe. Nikajiambia, Upasena, wewe si ndiye wewe?

Ndoo ya pili nikatia vifuniko saba.

Mawingu yakachagua dakika hiyohiyo kufunguka. Jua likapiga bati, na chini ya bati pakawa tanuri. Sijalaza hata mkeka wote, ndoo ikaanza kuwa moto mkononi. Rezini ikashikana mabonge kama yai kwenye kikaango. Nikaimwaga yote, nikabandika mkeka juu yake mbiombio, nikapitisha rola, rola ikawa inang'oa vinywele badala ya kulaza. Ndoo ikatoa moshi unaochoma macho. Nikaitupa mchangani, ikalia ta!, ikapasuka yenyewe.

Nilipogeuka kutazama kazi yangu, nikajua imeharibika. Faiba ikinywa vizuri inakuwa ya rangi ya chai, unaona mpaka chini. Pale palikuwa na doa jeupe, ukubwa wa ungo. Nyeupe maana yake kavu. Chini yake kuna hewa.

Dawa naijua. Unaleta grenda, ile mashine ya kusagia, unakata, unapiga msasa, unaanza upya. Siku tatu. Saa ya bibi imekwenda, na kijiji kizima kitauliza ni nani, na jibu ni Upasena asiyefikiwa na mtu. Kusuma alikuwa sokoni. Hakuna aliyeona. Nikachanganya ndoo nyingine, vinne safari hii, nikalaza mkeka mwingine juu ya lile doa, laini, wa kupendeza. Asubuhi yake nikapaka rangi ya kijivu. Rangi inafunika aibu kuliko nguo.

Jumatano alasiri Jinasoma akatoa sarafu yake ya rupia kumi. Hivyo ndivyo anavyopima: analala chali chini ya mashua, anagonga kila pahali, shubiri kwa shubiri, anasikiliza. Ko, ko, ko. Mimi nilisimama nimeshika brashi ambayo haikuwa na rangi. Akafika kule nyuma. Ko, ko. Akasogeza sikio. Akagonga tena.

"Hapa panakohoa," akasema.

"Ni lile tairi lililoegemeza mashua, linameza sauti."

Akatoa kichwa chini ya mashua akanitazama. "Ulitia vinne?"

"Vinne."

"Haya. Neno lako linanitosha."

Akajikung'uta mchanga akaenda kunawa. Afadhali angenizaba kibao.

Nikamfuata kisimani nimwambie. Kweli nilikuwa namfuata nimwambie. Nikamkuta amekaa kwenye ukingo, ameshika kata ya maji, hajanawa hata kidole.

"Kila mashua huwa hivi," akasema bila kunitazama. "Nasikia maji puani siku moja kabla. Ila hii nina nafuu kidogo. Kule nyuma umeshika wewe, na wewe kwa kuchanganya, hata uwe mpuuzi namna gani, hujawahi kuniangusha."

Miaka yote naomba anisifu, ananisifu siku hiyo. Nikasema, "Nimekuja kuchota maji," nikachota, nikaondoka na ndoo nisiyoihitaji.

Chakula kikanishinda. Kusuma akasimama mlangoni na mwiko.

"Unaumwa?"

"Tumbo."

"Tumbo lako halijawahi kuumwa, linaumiza masufuria tu. Umefanya nini?"

"Nimefanya nini kwani?"

"Sijui. Una uso wa mtu aliyekanyaga kifaranga."

Alhamisi ikafika. Watu wakajaa ufukweni. Podinona amevaa nyeupe, amebeba chungu kipya, akakibandika kwenye mafiga akachemsha maziwa mpaka yakafurika upande wa mashariki, bahati kamili. Wali wa nazi ulioshindiliwa kwenye sinia umeshakatwa vipande. Nazi ikavunjwa. Mtawa alishausomea uzi mweupe, ukafungwa kichwani mwa mashua. Kila mtu ameshika simu anatazama dakika. Kumi na tano. Kumi na sita. Mimi najiambia nikisema sasa, mbele ya bibi huyu, mbele ya maziwa haya, nimekwisha. Nisiposema, shemeji amekwisha.

Kumi na saba. Wakasukuma.

Amaradasa akarukia kwenye mashine, Jinasoma akapanda katikati, akashika ubavu huu na ubavu ule. Mimi siku zote hubaki nchi kavu nikimcheka. Sijui nini kilinisukuma. Nilijikuta majini mpaka kiunoni, nikaparamia nyuma, nikakaa, miguu yangu miwili ikiwa juu ya lile doa.

"Upasena, leo umeamua kuoga?" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

"Nimekuja kumshika mkono mwari," nikajibu. Sauti yenyewe ilitoka kama ya mbuzi.

Ndani ya mwamba maji yalikuwa shwari. Tulipotoka kwenye mlango wake, Amaradasa akafungulia mashine, tukakutana na mawimbi mapana. Mashua ikapanda, ikashuka, kitako kikapiga maji, pa. Na chini ya nyayo zangu sakafu ikainuka kidogo, ikarudi. Kama tumbo la mtu aliyelala. Pa. Ikainuka, ikarudi. Nikaikanyaga kwa nguvu, kana kwamba uzito wangu utaibembeleza. Jasho linanitoka na upepo unavuma. Nikatazama pwani, watu walishakuwa wadogo kama kunguru. Mimi naogelea vizuri. Jinasoma haogelei kabisa. Hilo ndilo lililokuwa linanizunguka kichwani, wimbi baada ya wimbi: haogelei, haogelei.

Yeye alikuwa amefumba macho, midomo inasoma dua. Mara midomo ikasimama. Akafumbua macho. Hakuwa ameona kitu, alikuwa amesikia.

"Upa. Ondoa miguu."

Nikaiondoa. Akatambaa mpaka nyuma, akaweka kiganja sakafuni. Pa. Akakiacha palepale. Pa.

"Vifuniko vingapi?"

Mashine ilikuwa inanguruma, ningeweza kujifanya kiziwi.

"Saba."

"Ndoo nzima?"

"Nzima. Ilinigandia mkononi. Kuna mkeka mkavu chini."

"Mnanong'ona nini hapo, wachumba?" Amaradasa akauliza nyuma yetu.

Kikasikika kitu kama mtu amekanyaga kigae. Kwenye rangi ya kijivu ukatokea mstari mwembamba kama unywele, na unywele ukaanza kutoa jasho. Halafu jasho likawa maji.

Amaradasa akaona. Akasema jina la mama yake, taratibu, basi. Mimi nikaganda kabisa. Mikono niliiona iko pale lakini si yangu.

Aliyesema ni Jinasoma. "Amara, punguza mashine. Usikate kona. Izungushe polepole, kama umebeba maiti. Upa, beba tangi la petroli lipeleke mbele, kisha shika kopo ukumbe maji."

Akafungua saruni yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya ufa, akalala kifudifudi juu yake. Kifua chote. Mtu anayetembea upande wa maduka akalala juu ya tundu la bahari, na chupi yake ya bluu inatazama mbinguni. Maji yalikuwa yanapita chini ya shingo yake, yanamgusa kidevu. Hakufumba macho tena. Alinitazama mimi muda wote.

"Shemeji," nikasema, "unaogopa?"

"Kumba maji."

Nikakumba. Kopo la rangi, lenye rangi ileile ya kijivu. Natoa kopo kumi, yanaingia kumi na mbili. Mlango wa mwamba ulikuwa hausogei. Ukiwa unakwenda ni mwendo wa kumaliza buyo moja la tambuu, ukiwa unarudi na ufa ni mwendo wa kwenda hija. Amaradasa alikuwa anatazama wimbi lililo nyuma yetu, na lililo nyuma ya hilo. Karibu na ufuo ndipo mawimbi yanavunjika, na pale ndipo tulipoogopa wote watatu kwa pamoja. Akasubiri. Moja likapita. La pili likapita. "Sasa," akasema, akafungua mashine yote. Wimbi likatubeba juu, likatubwaga, na ule ufa nikausikia ukikimbia chini ya Jinasoma mpaka ukawa na urefu wa mkono. Maji yakanifika kwenye vifundo. Halafu mchanga ukakwaruza chini.

Watu wakaja mbio wanacheka, maana walimwona fundi amevaa chupi. Podinona akapasua katikati yao.

"Mbona mmerudi mapema? Hata maziwa hayajapoa."

Jinasoma akainuka. Kifua chake kilikuwa chekundu chote. Akafungua mdomo, na mimi namjua shemeji yangu, niliona tayari anachokwenda kusema: mama, mashua yangu ina kasoro, nisamehe. Angelibeba kosa langu. Jina lake la mashua kumi na saba lingekwisha pale kwenye mchanga.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitia hadina vifuniko saba, akanikataza. Akaniuliza, nikamdanganya. Yeye hajui kitu."

Kusuma alikuwa ameshika sinia ya wali, akaiweka chini. Bibi akanitazama kuanzia miguuni, kwa vile ndiko alikofika.

"Ulitaka kuiwahi saa."

"Ndiyo, mama. Nilitaka usiikose."

"Saa ilikuwa njema. Imewarudisha watatu. Mbaya ni wewe."

Kisha akanipa kipande cha wali. Kwetu siku hiyo humnyimi mtu, hata kama unatamani kumzika. Nilikila nimesimama, wote wananitazama. Sijapata kula chakula kirefu kama kile.

Siku tisa Jinasoma hakunisemesha. Alikata lile doa kwa grenda mwenyewe, akakata zaidi na zaidi, mpaka tundu likawa mtu anaweza kupita. Siku ya kumi akaniletea ndoo.

"Vingapi?"

"Vinne."

"Hesabu kwa sauti."

Nikahesabu kama mtoto wa darasa la kwanza, moja, mbili, tatu, nne, Kusuma anacheka jikoni mpaka anashika ukuta. Mpaka leo nahesabu kwa sauti. Wateja wanadhani ni uganga.

Bibi alingoja zile siku ishirini na tatu. Safari ya pili nilipanda bila kuulizwa, nikakaa palepale nyuma. Sakafu haikusogea, ngumu kama ngazi ya hekalu. Niliendelea kuisubiri isogee hadi tunarudi.

Mwaka wa tatu sasa Amaradasa anavua na mashua ile, haijaingiza hata kijiko cha maji. Lakini akichelewa, saa saba ikapita na bado hajaonekana kwenye mlango wa mwamba, mimi huwa wa kwanza kufika ufukweni. Wa pili ni Jinasoma, amevuka barabara, amesimama kwenye mchanga mkavu, mikono mgongoni. Mashua ikitokea, kila mmoja wetu anajifanya alikuja kununua samaki. Kusuma analalamika nyumbani kumekuwa na samaki mno.